Miaka mitatu nachangia chuo cha madaktari wa miguu, riviu yangu (nyota 3 na nusu)

Jamani naandika hii maana kila nikisema nachangia chuo cha madaktari wa miguu watu wananicheka, eti miguu nayo ina chuo? Inacho tena vya siku nyingi, cha New York kipo tangu 1911, cha Chicago 1912, kile alichoanzisha William Scholl, ndo huyohuyo wa zile soli na plasta za miguu mnazoziona madukani. Huku Marekani daktari wa miguu anasoma miaka minne juu ya digrii ya kwanza halafu mitatu mingine hospitali, akitoka hapo anapasua kabisa, sio wa kukata kucha tu. Ila vyuo vyenyewe nchi nzima havifiki hata 15, vya udaktari wa kawaida vinapita 150, na matajiri wakitoa hela wanakimbilia moyo na kansa. Mguu nani ana habari nao mpaka uanze kuoza.

Mi nilianza kwa sababu ya mama mkubwa. Alikuja kututembelea, ana sukari ya miaka, siku moja namfulia soksi naona damu, kumbe ana kidonda chini ya dole gumba na hajui kakipata wapi wala lini. Bima ya huku hana. Mwenzangu kazini akanielekeza kliniki ya chuo ambako wanafunzi ndo wanatibu mwalimu akiwa pembeni, bei ikawa ya kuvumilika. Wakamwambia fumba macho, ukisikia umeguswa sema, mi natafsiri, wanamgusa na kale kauzi ka plastiki kanakopinda kwa uzito wa gramu 10. Kimya. Baada ya muda mama mkubwa ananiuliza, "Mwanangu, mbona hawaanzi?" Na walikuwa washagusa sehemu saba. Hapo ndo nilielewa sukari inafanya nini.

Yule dada mwanafunzi alikaa kwenye kistuli chini kabisa ya mguu wa mtu asiyemjua karibu saa nzima anakwangua gamba polepole, wakampa kiatu cha kutoa uzito kwenye kidonda, tukarudi kila wiki mpaka kikafunga. Mama mkubwa karudi Tanga na vidole vyote kumi. Sasa niambie we ungekaa bila kutoa chochote?

Haya tuje kwenye huduma yenyewe ya kuchangia maana ndo riviu.

Kutoa ni rahisi mno, kadi dakika mbili, risiti inaingia kwenye imeili kabla hujafunga simu. Kazini kwetu pia mwajiri analipa sawa na ulichotoa, unajaza fomu moja tu, dola 20 yangu ya kila mwezi inakuwa 40, kama kazi yenu ina hiyo kitu na hamjaiulizia mnaacha hela mezani kwa watu.

Shida ipo kwenye hela inaenda wapi. Hivi vyuo vya miguu vingi vilikuwa vinajitegemea halafu vikamezwa na vyuo vikuu, cha Philadelphia kiliingia Temple 1998, cha Ohio kiliingia Kent State 2012. Simsemi vibaya mtu hapo, kujitegemea ukiwa mdogo ni ngumu. Ila nako nilikochangia mimi, na jina silitaji, ni mtindo huohuo, na ukifungua ukurasa wao wa michango unakuta wameshakuchagulia mfuko mkuu wa chuo kikuu kizima. Kliniki ya miguu iko chini kabisa, ubonyeze "Nyingine" uiandike mwenyewe. Mi mwaka mzima wa kwanza sikujua. Mwaka mzima! Hela yangu labda imenunua rangi ya uwanja wa mpira huko, nani ajuaye. Nilipopiga simu wakaniomba radhi vizuri tu lakini iliyokwenda imekwenda.

Na barua zao kila mwaka zinaniita Bwana. Mi ni mwanamke, nimewaambia mara mbili.

Dina ya kuchangisha nilienda mara moja sirudii. Tiketi dola 150, kuku mkavu, hotuba ndefu, halafu barua ya kodi inakuja imeandika chakula kina thamani ya 85 kwahiyo mchango wako ni 65. Hawajakosea, sheria ndo inavyotaka, ila bora ningetoa hiyo 150 yote kliniki nikapika pilau nyumbani. Kwa habari ya kodi, kuanzia 2026 hata sisi tusioorodhesha makato moja moja kwenye fomu ya kodi tunaruhusiwa kutoa mchango wa pesa kwenye mapato yanayokatwa kodi, mpaka dola 1,000, mke na mume wanaojaza pamoja 2,000, na ukitoa 250 au zaidi kwa mkupuo hakikisha una barua yao, stetimenti ya benki peke yake haitoshi.

Wengine wananiuliza kwanini nisitoe kwenye skolashipu. Sio mbaya, hawa vijana kumaliza na deni la dola laki mbili sio ajabu. Ila dola 20 kwenye deni la laki mbili siioni, kliniki naiona, ni bandeji, ni kiatu cha mtu asiye na bima kama mama mkubwa wangu.

Mwaka huu nilipiga simu kwanza, wakanipa namba ya mfuko wa kliniki, nikaiandika kwenye cheki yenyewe, nikaandika na BIBI kwa herufi kubwa mbele ya jina langu. Barua imekuja juzi. Mfuko wamepatia. Bwana bado nipo.