Msitu wa Ty Canol: uende Mei au Oktoba?

Kila mwaka ubishi huu hurudi. Ty Canol, msitu wa kale wa mialoni huko Pembrokeshire, magharibi mwa Wales, hauna kiingilio, kwa hiyo gharama ni usafiri na malazi. Mei ina wikendi ndefu za sikukuu, na vyumba hujaa mapema. Oktoba huwa nafuu, ila wiki ya likizo ya shule.

Kwa macho, mwanzoni mwa Mei ni vigumu kuipiku. Maua ya buluu yenye umbo la kengele hutanda chini ya miti kabla majani hayajaziba jua. Usiyang'oe, sheria ya mwaka 1981 inakataza. Juu kuna chechele, ndege wadogo weusi kwa weupe, wametoka zao Afrika Magharibi kuja kutaga. Ila maua hayana subira: ukichelewa wiki chache umekuta majani tu.

Oktoba haikubani hivyo. Uyoga, kokwa za mialoni zikidondoka tap, tap, na kunguru wa rangi akizifukia kama mtu anayeficha akiba. Likeni, zile ndevu za kijivu matawini, zipo mwaka mzima, na mvua huzichangamsha.

Viatu ni buti miezi yote miwili. Mwenye watoto, au anayetaka kuunganisha na kaburi la mawe la Pentre Ifan lililo jirani, atafaidi mchana mrefu wa Mei. Mpiga picha anayependa ukungu na upweke, Oktoba ni yake.