Kuchakata Plastiki au Kupunguza Matumizi Yake: Ulinganisho kutoka Kisumu
Mjini Kisumu, mjadala kuhusu taka za plastiki hurudi kwenye njia mbili: kuzichakata upya au kutozitumia tangu mwanzo. Ya kwanza ina mvuto wake, kwa kuwa huwapa riziki waokotaji wanaokusanya chupa kwa magunia na kuziuza kwa kilo. Lakini ugumu wake huonekana mara tu gunia linapofunguliwa. Chupa ya maji imetengenezwa kwa aina moja ya plastiki na kifuniko chake kwa nyingine, na sharti vitenganishwe na kuoshwa kabla ya kuyeyushwa. Tena chupa tupu ni nyepesi mno, hivi kwamba lori lililojaa chupa zisizogandamizwa huwa limebeba hewa kuliko mali, na nauli ya kuzifikisha kiwandani humeza faida. Pakiti za vitafunio, zenye tabaka kadhaa zilizoshikamana, karibu hakuna anayezitaka.

Kupunguza matumizi hakuhitaji mashine. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, iliwarudisha wengi kwenye kikapu, ingawa mifuko myembamba ingali inapenyezwa kupitia mipakani. Marufuku hiyo haikugusa chupa. Mwenye kipato kidogo anayenunua mafuta ya kupima kwa chupa ileile kuukuu naye anapunguza, japo hasifiwi.

Kwa maoni yangu, njia ya pili itangulie, na kuchakata kubakie kwa plastiki isiyoepukika.