PostgreSQL na masharti ya kweli au si kweli: tathmini kutoka Moshi

Anayetengeneza mifumo ya kumbukumbu za vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa hapa Moshi hukutana kila siku na maswali yenye jibu la ndiyo au hapana: mkulima amehakikiwa, amelipwa malipo ya pili, ana deni la pembejeo. Kwa kazi hiyo natumia PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data katika majedwali na kuiuliza maswali, na tathmini hii haigusi kasi yake wala usalama wake. Inahusu jambo moja tu, yaani jinsi inavyolinganisha thamani za buliani, yaani za kweli (TRUE) au si kweli (FALSE), ndani ya masharti.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba buliani yake ni aina ya data inayojitegemea. Kiwango cha SQL, lugha ya kuulizia data, cha mwaka 1999 kiliitambua aina hiyo, lakini Oracle, programu nyingine ya aina hii, iliileta katika SQL yake mwaka 2023 tu, na katika MySQL, nayo ya aina hiyo hiyo, neno BOOLEAN ni jina la pili la TINYINT(1), aina ya namba ndogo, ambako TRUE ni 1 basi. Karani akiingiza 2 kwa bahati mbaya katika MySQL, sharti `amelipwa = TRUE` litamwacha mkulima nje, ilhali sharti `amelipwa` peke yake litampokea. PostgreSQL haina utata huo: ukiandika `amelipwa = 1` inagoma papo hapo na kusema kwamba buliani hailinganishwi na namba. Hupokea 'yes', 'on' na hata '1' zikiwa ndani ya alama za nukuu, ila 'ndiyo' huikataa, kwa hiyo anayepakia fomu zilizojazwa kwa Kiswahili aandae ubadilishaji mapema.

Ugumu unaanza pale ambapo jibu halipo. Tuseme jedwali la wakulima lina watu watatu: wa Machame amelipwa, wa Marangu hajalipwa, na wa Kibosho fomu yake haijafika ofisini, hivyo safu yake ya amelipwa ni NULL, alama ya SQL ya thamani isiyojulikana. Ukiuliza `WHERE amelipwa <> TRUE`, yaani “chuja wale ambao amelipwa si sawa na kweli”, utampata wa Marangu peke yake, kwa sababu kulinganisha NULL na kitu chochote huzaa NULL, na WHERE hupitisha kilicho kweli tu. Ukiandaa orodha ya ubao wa matangazo kwa `CASE WHEN amelipwa THEN 'Amelipwa' ELSE 'Hajalipwa' END`, yule wa Kibosho anaangukia ELSE, yaani “vinginevyo”, na kutangazwa kuwa hajalipwa, jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Kibaya zaidi ni CHECK, sharti la kuzuia data isiyofaa isiingie kwenye jedwali. Sharti `CHECK (kiasi = 0 OR amehakikiwa = TRUE)` linaonekana kuzuia malipo kwa asiyehakikiwa, lakini uhakiki ukiwa NULL na kiasi kikiwa shilingi 150,000, jibu la sharti zima ni NULL, na CHECK hukataa kilicho FALSE tu. Fedha zinapita. Kwa hiyo jibu lile lile lisilojulikana hutupwa na WHERE, hupelekwa pembeni na CASE, na hufunguliwa mlango na CHECK. Hiyo ni kanuni ya SQL yenyewe, wala siilaumu PostgreSQL kwa kuifuata, lakini mnunuzi wa mfumo anastahili kuijua kabla hajakabidhiwa.

Dawa imo ndani ya programu yenyewe, na ndiyo inayonifanya niipendekeze. `IS TRUE` na `IS NOT TRUE` hutoa kweli au si kweli kila mara, hazitoi NULL kamwe. `Amelipwa IS NOT TRUE` huwaleta wote wawili, wa Marangu na wa Kibosho. Katika CHECK naandika `amehakikiwa IS TRUE`, na safu hiyo naipa NOT NULL DEFAULT FALSE, yaani isipokee NULL na isipojazwa iwe si kweli, kwa kuwa asiyehakikiwa ni asiyehakikiwa, hata kama karatasi zake ziko njiani. Safu ya amelipwa siifanyii hivyo. Huko "hatujui" ni habari halisi ambayo mhasibu anaihitaji, na kuigeuza "hapana" ni kuandika uongo kwenye daftari. Wapo wanaoshauri NOT NULL kila mahali. Nadhani hawajawahi kukaa na mkulima anayedai risiti yake.

Mengine niyapitie haraka. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila intaneti, na faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji) yenye sharti la `WHERE amelipwa IS NOT TRUE` hubaki ndogo pale ambapo wengi wameshalipwa. Nyaraka zake ni nzuri lakini ni za Kiingereza, kwa hiyo karani wa chama atahitaji mtu wa kumwelekeza. Kero yangu ya kweli ni psql, chombo chake cha kuandikia maswali, ambacho huonyesha NULL kama nafasi tupu, sawasawa na maandishi yasiyo na herufi hata moja. Amri `\pset null '(haijulikani)'` hulimaliza tatizo hilo, na sioni kwa nini programu iliyokomaa kiasi hiki isionyeshe alama fulani tangu siku ya kwanza.