Vitabu vitatu vya mapenzi na fantasia kwa KDP: uzoefu wangu

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ndiyo iliyonipoteza. Nilikuwa nimeishi miaka mitatu na riwaya moja, maneno 118,000, kuhusu binti anayetunza majina ya wafu na mlinzi wa daraja aliyekatazwa kumvusha. Nikajua nikishaiweka hadharani tu, wenyewe watakuja. Wiki ya kwanza ilinunuliwa na watu kumi na mmoja, na sita kati yao nawafahamu kwa majina.

Leo nina vitabu vitatu, vyote kupitia KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia iliyoanza mwaka 2007 sambamba na Kindle, kifaa cha kusomea vitabu pepe. Siuzi kozi wala sina kiungo cha kukubofyesha. Nasimulia tu yaliyonikuta.

Nianze na sifa. Kuweka kitabu ni rahisi mno. Hulipi kiingilio. Unajaza jina la kitabu (na lakabu yako kama unaitumia), maelezo, visanduku saba vya maneno muhimu na makundi matatu, unapakia maandishi na jalada, unapanga bei. Unaulizwa pia kama umetumia akili mnemba kuandika au kuchora, swali lililoongezwa Septemba 2023. Kwa kawaida ndani ya saa 72 kitabu kiko sokoni. Kitabu pepe hakihitaji ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Cha karatasi wanakupa namba ya bure, ila kwenye sehemu ya mchapishaji patasomeka "Independently published". Mimi hilo halinisumbui.

Kinachosumbua ni huo urahisi wenyewe. Mfumo unakagua faili, haukagui hadithi. Hakuna atakayekwambia kwamba sura ya tisa inasinzia. Mimi niliambiwa na wasomaji wa majaribio watatu, tena baada ya kuwabembeleza, na bado nikabisha. Mhariri wa kulipwa nilimtafuta kuanzia kitabu cha pili, na tofauti inaonekana hata kwa asiyejua uhariri.

Ila kilichoniumiza zaidi ni jalada.

Jalada la kwanza lilikuwa zuri kweli. Joka, upanga, mnara unaowaka moto. Aliyelichora alifuata nilichomwambia: "kitu kikubwa, cha kifantasia". Tatizo, joka kwenye riwaya yangu linaonekana ukurasa wa mia mbili na kitu, linapita angani, basi. Hadithi yenyewe ni ya watu wawili na daraja. Kwa hiyo walionunua walitaka vita, wakafungua wakakuta watu wanatazamana. Mmoja aliacha nyota mbili na maneno matatu: "Vita viko wapi?" Na wale wanaopenda mapenzi yenye uchawi ndani yake walipita bila kugeuka, kwa sababu jalada halikuwaita. Niliishi miezi saba nikilaumu wasomaji.

Siku moja nikakaa nikafungua orodha ya vitabu mia vinavyouzika zaidi kwenye kundi la fantasia ya mapenzi, nikavitazama kwa picha ndogo, zile za ukubwa wa kidole gumba, maana ndivyo mnunuzi anavyoviona. Miiba, maua, taji, herufi za dhahabu, wawili waliosogeleana. Majoka yapo pia, lakini yamejikunja kama pambo la mkufu. Ile ni lugha, na mimi nilikuwa nimevalisha kitabu changu lugha ya jirani. Nikalipia jalada jipya na kuandika upya maelezo. Ndani sikugusa hata nukta. Kubadilisha jalada kwenye KDP hakuna gharama, unapakia lingine na kitabu kinabaki na maoni yake. Baada ya wiki sita kurasa zilizosomwa kwa siku zilitoka 200 hivi hadi zaidi ya 1,500. Kitabu kilekile, na methali yangu ikafia hapo.

Nikajikwaa tena kwenye mwisho wa hadithi. Msomaji wa fantasia ukimwachia hadithi njia panda, anashusha pumzi na kusubiri kitabu kinachofuata. Msomaji wa mapenzi ana ahadi anayokudai tangu ukurasa wa kwanza: hawa wawili watakuwa pamoja, au angalau niachie tumaini. Mimi nilimaliza kitabu cha kwanza binti yuko ng'ambo hii, mlinzi ng'ambo ile. Dada mmoja akaandika: "Umeniacha juu ya daraja usiku." Sentensi hiyo niliipenda kuliko nyingi zangu, na bado ilishusha wastani wangu wa nyota. Mwisho sikuubadilisha, ni mwisho sahihi. Nilichofanya ni kutamka waziwazi kwenye maelezo kwamba hiki ni cha kwanza kati ya vitatu, na kitabu cha pili nikakifungulia oda za mapema siku hiyohiyo. Ukifanya hivyo uwe na uhakika na kalenda yako: faili la mwisho linatakiwa liwe limefika saa 72 kabla ya siku ya kutoka.

Tuje kwenye pesa, hapa wengi hawasomi maandishi madogo. Mrabaha, yaani mgao wako katika bei ya kitabu, kwa kitabu pepe ni 35% au 70%. Ile 70% inataka bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na inahusu wanunuzi wa nchi zilizoorodheshwa tu, wengine unapata 35%. Halafu kabla ya kupiga hiyo 70% wanakata gharama ya kufikisha faili, dola 0.15 kwa kila megabaiti katika duka la Marekani. Waandishi wa fantasia mnisikilize, maana sisi tuna ugonjwa wa ramani. Niliweka ramani ya kurasa mbili, pambo kila mwanzo wa sura na nembo ya kila ukoo. Faili likawa megabaiti 9. Kwa bei ya dola 3.99 nilikuwa nakatwa dola 1.35 kwanza, nikibakiwa na takribani 1.85. Nikabana picha hadi megabaiti 1, mrabaha ukapanda hadi kama 2.69. Ramani bado ipo na hakuna aliyelalamika. Malipo yenyewe yanakuja kama siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha, na kama nchi yako haina mkataba wa kodi na Marekani, mauzo ya huko yanakatwa 30%. Jaza fomu ya kodi kwa utulivu, usiibofye tu.

Kuhusu KDP Select, mpango wa hiari ndani ya KDP: unafunga kitabu pepe kwao peke yao kwa siku 90, nacho kinaingia Kindle Unlimited, huduma ambayo msomaji analipia kila mwezi na kusoma atakavyo, nawe unalipwa kwa kurasa zilizosomwa, chini ya nusu senti ya dola kwa ukurasa. Inaonekana senti za kuchekesha, lakini wasomaji wa mapenzi wanameza kitabu kizima kwa usiku mmoja, na kwangu zaidi ya nusu ya kipato kinatoka huko. Sharti ni kali. Nilikuwa nimemwaga sura kumi na mbili bure mahali pengine, ikabidi nizitoe zote, kwa sababu nje unaruhusiwa kuacha asilimia 10 tu. Kitabu cha karatasi hakihusiki na kifungo hicho.

Karatasi sitaisema sana. Riwaya nene gharama ya kuchapa inakula kila kitu, na tangu Juni 2025 mrabaha umeshuka kutoka 60% hadi 50% kwa vitabu vilivyo chini ya dola 9.99. Ninacho kwa ajili ya kukishika mkononi.

Matangazo ya kulipia kwa mbofyo yalinila pesa miezi miwili, nikazima. Mbaya zaidi, kuna huduma ya kutangaza vitabu niliyoilipa, ikaniletea maoni manne yanayofanana kama mapacha. Maoni ya kununua ni marufuku kwenye duka, na nilikaa roho juu hadi yalipofutwa. Ukiambiwa "tunahakikisha nyota tano", kimbia.

KDP naipa nyota nne. Moja nimeizuia kwa sababu ya msaada kwa wateja: majibu yanakuja haraka, ila mara nyingi ni ya kunakili, na unauliza mara tatu kabla ya kumfikia mtu aliyesoma swali lako.

Kitabu cha nne nakianza mwezi ujao. Jalada lake tayari limeshachorwa.