Kulipia programu za simu: anza na njia ipi?

Kama unatumia Android nchini Kenya, sajili njia ya malipo kwenye Play Store leo, wakati huna haraka. Anayehangaika nayo huku mteja anasubiri kazi ndiye huishia kupakua APK (faili la kusakinisha programu) ya bure kutoka kusikojulikana, kisha programu hiyo ikaanza kusoma SMS zake za benki.

Nafasi ya kwanza tunaipa M-Pesa. Gusa picha yako juu kulia, ingia sehemu ya malipo na usajili, fungua njia za kulipa, chagua M-Pesa uandike nambari yako. Ukinunua, ombi la PIN hutokea kwenye simu yenye laini hiyo, kwa hiyo iwe mkononi. Ukichelewa, ombi hufa. Kabla ya kurudia, angalia kama SMS ya M-Pesa imeingia, usije ukalipa mara mbili. Na M-Pesa isipoonekana kabisa? Kagua nchi ya akaunti. Huenda ilifunguliwa ukiwa Dubai au Doha, na kununua simu nyingine Luthuli Avenue, Nairobi, hakutabadilisha chochote, kwa sababu nchi hufuata akaunti. Google huruhusu kuibadilisha mara moja tu kwa mwaka, na salio la Google Play la nchi ya zamani halitumiki katika nchi mpya.

Ya pili ni M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa isiyo ya plastiki iliyoanza 2022. Piga *334# uiwashe. Ni mkombozi kwa programu zinazouzwa kwenye tovuti za nje. Tarakimu tatu za usalama hudumu dakika 30 tu, basi ziombe ukiwa umeshajaza mengine yote.

Kadi ya benki ni ya tatu. Ikikataliwa na pesa zipo, mara nyingi benki haijafungua ununuzi wa mtandaoni, wapigie. Uliza pia ada ya kubadilisha fedha.

Kadi za zawadi (gift card) za Marekani ziache. Hazikubaliki kwenye akaunti ya Kenya.

Ukishasajili, washa uthibitisho kwa kila ununuzi, hasa kama watoto huchezea simu. Kufuta programu hakusitishi usajili wake (malipo yanayojirudia): usajili husitishwa palepale kwenye malipo na usajili, kabla siku za majaribio hazijaisha. Ukinunua kimakosa, omba kurudishiwa pesa ndani ya saa 48.