Fremu ya baiskeli: ya chuma au ya alumini?

Kwa ujazo uleule, alumini ina takriban theluthi ya uzito wa chuma, ila na ugumu wake wa kutopinda ni theluthi vilevile. Ndiyo maana mabomba ya fremu za alumini huwa manene: bomba likipanuliwa halinepi ovyo, hata kuta zake zikiwa nyembamba.

Panda mlima ukiwa umesimama juu ya pedali, kisha tupia jicho chini. Fremu ya chuma yenye mabomba membamba utaiona ikicheza kushoto na kulia kila unapokanyaga. Ya alumini imetulia tuli. Wengi hudai mchezo huo unakula nguvu. Mimi naona wanatia chumvi, kwani fremu hurudi kama springi.

Uzito ndio unaohesabika, tena mlimani tu. Mpandaji na baiskeli wakiwa kilo 80, kupunguza kilo 1 kunaokoa takriban asilimia 1.25 ya kazi ya kupanda. Kwenye tambarare unapambana na upepo, kilo hiyo huisikii.

Na mitikisiko? Usiilaumu fremu kabla hujapunguza upepo kwenye tairi. Tairi hubonyea kuliko fremu yoyote.