"Mayi iko mbele": matembezi ya familia kwenye vilima vya chokaa, upande wa Likasi

Nyota mbili. Moja ni ya njia yenyewe, nyingine ya yule kijana aliyetembea nyuma pamoja na watoto. Waliotuuzia safari sina cha kuwapa.

Naanza na maji, maana hasira bado haijanitoka. Kabla hatujaondoka Lubumbashi tuliambiwa kwa simu tusijisumbue: chupa ya nusu lita kwa kila mtu inatosha, katikati ya njia kuna kijito. Asubuhi, pale pa kuanzia, mwongozaji akarudia maneno yale yale na kutaka bidoni letu, dumu la maji, libaki garini. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, jua kali, mvua ya kwanza bado. Baada ya saa mbili za kupanda tukafika kwenye hicho kijito. Mkondo wa mawe ya kijivu, mkavu. Majani yamejikunja kati ya mawe. Upande wa chini kuna tundu la upana wa sufuria ya bukari, ndipo maji huingilia ardhini wakati wa masika, na kuzunguka tundu udongo mwekundu umepasukapasuka kama vigae. Unaingiza kidole kwenye ufa, kinatoka na vumbi.

"Mama, mayi iko mbele."

Huyu ni mtu anayelipwa dola kupeleka watoto wa watu kwenye jiwe la chokaa! Jambo la kwanza kulijua kuhusu jiwe hilo ni kwamba halikai na maji juu. Mvua inaposhuka hubeba kaboni dioksidi ya hewani, ikipita kwenye udongo inaongeza nyingine, inakuwa na ukali kidogo kama wa siki, na ukali huo unalila jiwe polepole kwenye nyufa zake. Nyufa zinakuwa matundu, matundu yanakuwa mapango, na kijito kinachotiririka vizuri mwezi wa pili kinazama chini kabisa mwezi wa tisa. Maji hayajapotea, yako chini ya miguu yenu, ila hayafikiki. Yanatokea tena chini kabisa, pale chokaa inapokutana na jiwe lisilopitisha maji. Kwa hiyo kwenye vilima hivi maji yako mwisho wa njia, na katikati usiyategemee. Wachimbaji wa Katanga wanalifahamu jiwe hili miaka mingi. Wataalamu wanaliita kwa jina la Kakontwe, mahali hapo hapo karibu na Likasi, na hata madini ya Kipushi yamelala ubavuni mwake. Mwongozaji hana kisingizio.

Hesabu ya maji ni hii, na ningependa kila mzazi aishike. Kwenye joto la kabla ya mvua, mtu mzima anahitaji kama nusu lita kwa kila saa ya kutembea, mtoto wa miaka sita hadi kumi kama robo lita au zaidi kidogo. Matembezi ya saa nne, wazazi wawili na watoto watatu: lita nne za wakubwa, lita tatu hadi nne za wadogo, na mbili za akiba. Ni lita kumi, nusu ya bidoni la njano. Ni kilo kumi, ndiyo, nzito, lakini zikigawanywa kwenye mifuko miwili ya mgongoni zinabebeka, na kila saa zinapungua. Sisi tulikuwa na lita mbili na nusu.

Msimngoje mtoto aseme ana kiu. Mtoto aliyeishiwa maji kwanza ananyamaza. Anaanza kujikwaa mahali palipo sawa, anakataa kula, mkojo unakuwa na rangi ya chai au hautoki kabisa. Hapo mnasimama kivulini, mnampa maji kidogo kidogo, si chupa nzima kwa mara moja maana atayatapika. Mkiwa na sukari na chumvi, lita moja ya maji safi inachukua vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu.

Sasa niseme haki: njia ni nzuri. Kusema kweli, sijaona nyingine upande huu inayowafaa watoto hivi. Mteremko si mkali, miti ya porini ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu kabla hata ya mvua, na jiwe lenyewe linafundisha. Yule kijana wa nyuma alikuwa na kichupa cha siki mfukoni. Alidondosha tone moja juu ya jiwe jipya lililovunjika, povu dogo likachemka. Akadondosha kwenye jiwe la jirani linalofanana nalo kabisa, kimya. Akalikwangua kwa kisu hadi likatoa unga, akadondosha tena, likachemka taratibu. Hilo la pili ni dolomiti, binamu wa chokaa. Watoto hawakutaka kuondoka pale. Kwenye mdomo wa pango ndiye pia aliyewazuia kuingia, akaeleza popo na magonjwa yao. Amefanya vyema: homa ya Marburg, ugonjwa wa virusi unaoua, iliyozuka Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, kati ya 1998 na 2000, ilihusishwa na machimbo yenye popo. Na ndiye aliyekuwa amebeba lita tatu bila kuambiwa na mtu. Maji hayo ndiyo yaliyowafikisha watoto chini.

Viatu: raba yenye soli ngumu, iliyofungwa. Kandambili hapana. Maji yamechonga jiwe hili likawa na kingo kama za msumeno, mtoto akianguka anachanika goti, hachubuki tu. Mkanyage panapoonekana, kwa sababu nyasi ndefu huficha mashimo.

Nilikuwa nataka kuongeza nyota ya tatu hapa. Kisha nakumbuka kilichotokea chini. Chemchemi ipo, nzuri, inatoka kwenye ufa, baridi. Mwongozaji akawaambia watoto wainame wanywe: "Ni mayi ya mu jiwe, iko safi." Si safi! Maji ya chokaa hayachujwi na mchanga, yanakimbia kwenye mifereji ya chini, na kilichoachwa juu ya kilima, choo au mzoga, kinaweza kutokea chemchemini baada ya muda mfupi tu. Uangavu haumaanishi lolote. Katanga inaijua kipindupindu. Maji hayo yachemshwe hadi yatokote sawasawa, au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kungojwa nusu saa. Nilipomwambia hivyo, mbele ya watoto, alinijibu: "Mama, batoto ya leo munabadekezaka sana."

Nyota ya njia nimeiacha, jiwe halina kosa. Ya kijana nimeiacha pia, na kama ataanza kuongoza mwenyewe nitarudi naye, mwezi wa tano au wa sita, kukiwa na ubaridi. Wengine mkienda na hao hao, pigeni simu muulize nani amekiona kijito, na siku gani. Halafu, jibu lolote watakalowapa, bebeni lita zenu kumi.